Mama Nuru, viti vipo

Area C, Dodoma
Jumapili jioni

Mpendwa Mama Nuru,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye upepo. Sisi hatujambo. Tumaini ameanza kidato cha kwanza, na baba yake yuko safari ya kikazi kama kawaida yake. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote, mpaka pale ulipoanza kumgombeza konda wa daladala katikati ya habari. Nimeona nikujibu kwa maandishi, maana mambo ya chakula nikiyaanza kwa sauti sinyamazi, na bando lenyewe ni la mwisho wa mwezi.

Umeniuliza hivi: uhamisho ukitoka, ukaja kuanza kazi Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, zile sehemu unazoziona mtandaoni zenye bembea na taa za waridi, mtu akienda mchana anakula kweli au anapiga picha tu? Viti vipo, mwenzangu, tena vizuri. Chakula ndiyo habari ndefu.

Ulipokuja mara ya mwisho kwenye msiba wa shangazi, huu ulikuwa bado mji wa chipsi za stendi na hoteli chache karibu na reli. Serikali ilipoanza kuhamia mwaka 2016, na manispaa ikatangazwa kuwa jiji 2018, watu wa ofisini wakamiminika na mazoea yao ya Dar. Siku hizi ukipita Area D, Kisasa, Ilazo hadi Iyumbu, hukosi kuona nyumba ya kuishi iliyogeuzwa mgahawa. Ukuta wa mbele umevunjwa, kokoto nyeupe zimemwagwa, majani ya plastiki yamebandikwa, na maneno ya Kiingereza yanawaka ukutani kwa taa nyekundu. Vyoo visafi, nisiseme uongo. Kuna kimoja nilikaa humo mpaka wenzangu wakatuma mtu aje kuniangalia.

Sasa sikia ya mwezi uliopita. Wenzangu wa ofisini walikuwa na kasiku kao ka kuzaliwa, tukaenda kwenye bustani moja mpya ambayo kila mtu anaizungumzia. Jina silitaji, utaijua mwenyewe kwa foleni ya magari. Tumefika saa saba kasoro. Menyu hakuna, kuna kibandiko mezani unakipiga picha kwa simu ndipo ifunguke, yaani natumia bando langu kusoma bei zao. Ikafunguka kurasa na kurasa: kamba wa nazi, pasta za aina zote, nyama ya ng'ombe ya kwenye chuma cha moto, piza, biriani, vyakula vya Kichina. Nikamwita binti anayehudumia. Kamba? "Wameisha, dada." Biriani? "Ijumaa tu." Nyama ya kwenye chuma? Akaenda kuuliza, akarudi akasema hicho chuma kimoja kinatumika meza nyingine. Nikachukua pasta ya kuku na krimu, shilingi 19,000.

Imekuja saa nane na dakika zake. Juu wamenyunyiza majani mabichi, pembeni wamechora mstari wa sosi kwa ustadi kabisa, mpaka mmoja wetu akapiga picha kabla sijashika uma. Nikaonja. Mama Nuru, ilikuwa uji wa mgonjwa. Pasta imechemshwa ikalainika ikasahaulika, krimu haina chumvi, kuku amekatwa vipande vidogo kiasi kwamba hujui kama alikuwa wa kisasa au wa kienyeji. Na hapo upepo ukaamka. Unajua upepo wa huku kuanzia mwezi wa saba, hauna adabu. Tishu zikaruka kwenda meza ya jirani, vumbi jekundu likaja likatulia juu ya ile krimu, nikawa natafuna kwa tahadhari nisikie changarawe iko wapi. Aliyechora ile bustani alitazama jua linapozama ili picha zitoke vizuri. Upepo hakuuliza unatoka upande gani.

Saa tisa kasoro tukawa bado tunasubiri bili. Ofisi za serikali zinafungwa saa tisa na nusu, na wewe unamjua bosi wa aina yetu.

Nimejiuliza sana kwa nini inakuwa hivi wakati fedha imemwagwa. Sehemu ya jibu ni Bunge. Kikao cha bajeti kinaanza Aprili hadi mwisho wa Juni, na miezi hiyo mji unafurika. Wabunge, wasaidizi wao, waandishi, watu wa taasisi wanaokuja na mafaili yao, nyumba za wageni zinajaa hadi za pembezoni. Mwenye mgahawa anaajiri mpishi mzuri kutoka Dar au Arusha, na kweli mnakula. Bunge likiahirishwa, mpishi naye anaaga, anabaki kijana aliyekuwa akimenya viazi na ile ile menyu ndefu. Ndiyo maana mtu anaweza kukusifia sehemu kwa alichokula Mei, wewe ukaenda Agosti ukadhani amekutania.

Halafu kuna umbali. Kamba na samaki wa bahari wanasafiri zaidi ya kilomita 400 kwenye barafu ndipo wafike hapa, wakati perege na kambale wa Mtera wako barabara hiyo ya Iringa tu. Sasa niambie kwa nini menyu imejaa kamba na perege hayumo? Kwa sababu perege anaonekana wa nyumbani. Wanaona aibu kumwekea bei ya 25,000.

Usinielewe kwamba vyote vya kisasa ni vibaya. Kuna kijana mmoja upande wa Kisasa, kauza vyombo vyake sijui nini na nini, kajenga tanuri la matofali nyuma ya duka la mke wake. Alijifunzia kazi kwenye hoteli ya watalii Arusha. Anakanda unga usiku, unalala, asubuhi anaugawa matonge na kuyafunika kwa kitambaa chenye unyevu, maana hewa ya hapa kavu inakausha unga juu ukapasuka kabla haujaumuka. Hayo kanieleza mwenyewe huku anasukuma. Tanuri anawasha kwa kuni kuanzia saa nne, kwa hiyo ukifika saa saba kasoro limeshakolea, piza inaingia na kutoka hujamaliza kusalimiana na watu. Pembeni imebabuka vizuri, chini imekauka, haikunjiki mkononi. Juu anaweka nyama ya mbuzi iliyokatwa nyembamba, kitunguu na pilipili hoho, jibini kiasi. Ana aina nne tu za piza, basi. Shilingi 16,000 mnakula wawili na mnarudi kazini kwa wakati. Viti vyake vya plastiki, taa za waridi hana. Yule ndiye ningekupeleka siku ya kwanza, wala sisubiri ushauri wa mtu.

Juisi ndiyo inayoniumiza kuliko pasta. Huu mkoa ndiyo nyumbani kwa zabibu za nchi hii. Zinavunwa misimu miwili kwa mwaka, Hombolo, Makutupora, Mpunguzi, wakati wa mavuno unaziona kando ya barabara kwenye ndoo na masinia. Ukiingia kwenye mgahawa wa 19,000 ukaomba juisi ya zabibu, unaletewa ya boksi! Nilimuuliza mwenye sehemu moja, akaniambia zabibu za hapa nyingi ni za kutengenezea mvinyo, ndogo, zina mbegu, wateja hawazipendi. Sawa, za kula mkononi labda. Lakini juisi inachujwa, bwana. Zile nyekundu zisage kidogo bila kupasua mbegu isije ikawa chungu, chuja, weka barafu, sukari hata huhitaji. Mama mmoja karibu na soko la Majengo anafanya hivyo hivyo kwenye msimu, anauza glasi 1,500, na msimu ukiisha anahamia ubuyu na ukwaju. Hana kibandiko cha kupiga picha kwa simu.

Na hivi karibuni wameanzisha mtindo wa "usiku wa Kigogo", yaani vyakula vya Wagogo wenyeji wa huku, mara "mchana wa asili". Nikasema hapa sasa watatutendea haki. Nikaagiza ugali wa uwele na mlenda. Ukaja umefinyangwa kwa kikombe, umesimama katikati ya sahani nyeusi, mlenda kwenye kibakuli kidogo cha kuwekea achari. Ugali wenyewe mweupe mno, wamechanganya sembe nyingi ili usitishe watu. Na mlenda ulikuwa umepoa. Mlenda ukipoa unashikana, haufuati tonge, unabaki kuugombania na vidole mbele ya watu. 14,000.

Sasa ulinganishe na utakaokula Mtumba, maana huko ndiko utakapokuwa mchana wako mwingi. Mji wa Serikali uko zaidi ya kilomita 15 kutoka katikati ya mji, hivyo habari za kukimbilia Area D kula na kurudi zifute kichwani, labda Ijumaa. Ila mama lishe wamewafuata watumishi huko huko. Yupo mmoja tunamwita Bibi ingawa hajafika hamsini. Ilende anaitoa kwao Chamwino, majani ya mlenda yaliyokaushwa na kusagwa, anaikoroga kwenye maji yanayochemka na nyanya kidogo, kisha karanga zilizotwangwa zinaingia mwishoni, chungu hakiondoki kwenye mkaa hata anapogawa. Ugali wake wa uwele una ile rangi ya majivu, na ukiukata kwa kidole unasikia chengachenga. Tonge ukilichovya unalivuta juu, linakuja na uzi mrefu, unazungusha mkono kidogo ukatike, unapeleka mdomoni haraka. Ukimwomba anakuongezea maziwa mgando. Sahani imejaa na ni 3,000, na saa saba na robo umeshanawa. Shida yake unakalia benchi, hakuna kivuli cha kutosha, na nguo nyeupe usivae.

Kwa hiyo tatizo langu na hizi sehemu za kupendeza siyo bei. Mimi 19,000 nalipa, nikiwa nimepokea. Ninachotaka mtu mmoja achukue chungu cha Bibi, akiweke chini ya kivuli cha yule mwenye bustani, amwajiri huyo huyo Bibi kwa mshahara wa maana, aache kuufinyanga ugali kwa kikombe. Nimemwambia mwenye bustani mmoja, akacheka, akasema wateja wake hawatatoka mjini kuja kula mlenda. Wakati alipokuwa ananijibu alikuwa anakula ugali na dagaa aliotumwa kijana kumnunulia nje. Nimeuona kwa macho yangu, kwenye hotipoti ya bluu.

Tangu siku hiyo nikiingia mahali papya sisomi tena menyu ya kwenye simu. Namuuliza anayehudumia: leo nyie wenyewe mmekula nini? Mara nyingi anaangalia chini, halafu anasema makande, au maharage na mchicha, na ukimbembeleza anakuletea hayo hayo kwa bei wanayoijua wao. Sehemu moja Iyumbu nililetewa ndizi nyama kwenye sufuria ndogo iliyokuwa ya wafanyakazi, na meza nzima ya wenzangu waliokuwa na baga zao ikaniangalia. Baga zile mkate ulikuwa mtamu kama keki, nyama imekauka, ukiminya juu inachomoka pembeni. Siwasemi zaidi, walilipa wenyewe.

Jumamosi ni habari nyingine, hiyo usiihesabu kama lunchi ya mjini. Tutaenda mnadani Msalato. Unachagua nyama yako ya mbuzi bado inaning'inia, inapimwa, unasimamia mwenyewe inavyopangwa kwenye mishikaki au inavyotandazwa juu ya wavu, maana ukigeuza kisogo ubavu unakuwa wa mtu mwingine. Chumvi, ndimu, pilipili ya kutwanga, ndizi za kuchoma. Hapo wanakuja hata wale wenye magari ya serikali, wamevua tai. Vumbi lipo, lakini huko hakuna aliyekuahidi kokoto nyeupe.

Basi ukipata barua yako ya uhamisho niambie mapema. Treni ya SGR siku hizi toka Dar ni mwendo wa saa tatu na ushee, ukipanda ya asubuhi unafika na njaa ya mchana kabisa, nitakupokea stesheni tuelekee Kisasa moja kwa moja kabla hatujapeleka mizigo. Niletee nazi nne zilizokomaa na pilipili mbuzi, hizi za huku haziwashi vile. Na unijibu kama bado una lile zoezi lako la kutokula nyama nyekundu, maana kama unalo nitamwambia yule kijana atuwekee uyoga, na Msalato itabidi nitafute mwingine wa kwenda naye.

Msalimie Baba Nuru na watoto wote.

Wako,
Mama Tumaini