Hizo saa za angani ndio zinatulisha, ziandikeni

Ndugu mhariri, mimi ni dereva wa bajaji huku Mbagala, gazeti lenu tunasoma kijiweni kila siku, na juzi tulibishana sana, jamaa mmoja kasema satelaiti za kupima mvutano wa dunia ni watu kuchezea hela tu, mvutano nani haujui, embe likiiva si linadondoka. Nilikataa na nakataa mpaka leo.

Sisi tunaokula kwa ramani ya simu hatuwezi kusema hivyo. Yule mwanasayansi Einstein alisema saa iliyo juu, ambako mvutano ni mdogo, inakimbia kuliko iliyo huku chini, na kweli, saa za satelaiti za GPS, zile zinazoiambia simu uko wapi, ukishatoa kule kuchelewa kunakotokana na spidi yao, zinatangulia za kwetu maikrosekunde 38 kila siku. Unaona ni kidogo, ila mwanga kwa maikrosekunde moja tu unakwenda mita 300, sasa piga hesabu, ni kama kilomita 11 kwa siku! Zisingerekebishwa, abiria yuko Kariakoo mimi natumwa Mbagala.

Iliyonigusa zaidi ni ya Galileo, satelaiti za Ulaya za kazi kama ya GPS, nazo zimebeba saa. Agosti 2014 zilirushwa mbili zikaangukia njia isiyo yake, imevutika kama yai, zinapanda na kushuka karibu kilomita 8,500 mara mbili kwa siku. Hasara hiyo, lakini wataalamu wa Ufaransa na Ujerumani wakaona hapohapo ndio pa kumpimia Einstein, maana saa ikipanda lazima ikimbie na ikishuka ipunguze, wakazifuatilia miaka karibu mitatu bila kuchoka, 2018 wakatoa majibu kwamba mzee yuko sahihi, tena kipimo chao ni makini kama mara tano kuliko kile cha roketi ya 1976 iliyopandisha saa juu, ambacho kilikaa miaka 40 hakijavukwa. Mimi hapo nilisisimka kabisa.

Na hilo la embe nalo limepimwa, kama vitu tofauti vinaanguka sawasawa, Wafaransa walirusha satelaiti ya Microscope 2016, ndani metali mbili, titani na platini, zinaanguka pamoja kuizunguka dunia, 2022 wakasema hakuna tofauti waliyoiona.

Mhariri, haya yote nimeyaokota kwa bando langu na Kiingereza cha kuungaunga. Aprili 2025 imepelekwa saa nyingine ya atomiki, yaani saa makini mno, kwenye kituo cha anga cha kimataifa, kazi ni hiyohiyo ya kumpima Einstein. Majibu yakitoka tupeni hata nusu ukurasa, kwa Kiswahili, nami nitalipeleka kijiweni nimsomee yule jamaa.

Dereva wa bajaji, Mbagala, Dar es Salaam