Kabla ya kusugua medali ya babu, tafuta karatasi yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na familia za Dodoma na Kanda ya Kati kwa jumla, hasa zile ambazo bado zina sanduku la mzee aliyekwenda vita ya Hitler.

Sanduku la kwetu lilikuwa Kibakwe, wilayani Mpwapwa, chini ya kitanda cha bibi. Ndani mlikuwa na nyota ya shaba yenye ncha sita, medali nyeupe ya duara ambayo sisi wajukuu tuliiita "ya simba", picha moja, na karatasi iliyokunjwa mara nne. Medali zilitunzwa kama mboni ya jicho. Kila ikikaribia sikukuu bibi alizisugua kwa majivu, mpaka maandishi ya kwenye nyota yakaanza kufifia. Karatasi haikuguswa na mtu. Nilipoikunjua baada ya mazishi ya bibi, mchwa walikuwa wamekwisha kula jina lote la babu na tarakimu za mwisho za namba yake ya jeshi. Zilibaki tarakimu tatu za mwanzo, na chini yake: "36 (T.T.) K.A.R.", yaani batalioni ya 36 ya Tanganyika Territory, King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki ambalo wazee waliliita Keya.

Nimeililia karatasi ile, na sababu yake ndiyo inayonifanya niandike. Nyota na medali za kampeni, yaani za kushiriki vita, ambazo Uingereza iliwapa askari wake wa Vita ya Pili ya Dunia hazikuchongwa jina. Geuza nyota ya babu yako uone: nyuma ni tupu. Ikiibwa, ikiuzwa au ikichanganywa na ya jirani, hakuna kitakachoonyesha ni ya nani. Kinachoiunganisha na mtu ni namba ya jeshi na batalioni, na hivyo viko kwenye cheti cha kuachishwa jeshi, karatasi kama ile yetu. Sisi tulitunza chuma, tukawaachia mchwa ushahidi.

Kwa askari wa Keya waliopigana upande wa Mwingereza katika vita ya kwanza, hali ni tofauti. Medali zao zilichongwa namba na jina ukingoni, kwa herufi ndogo sana. Zitazame kwenye jua, na usizisugue, maana kila unaposugua unapunguza jina. Waliopigana upande wa Mjerumani, nao ni wengi huku kwetu, usiwatafute katika orodha za medali za Mwingereza.

Kwetu ilisimuliwa kwamba babu alipewa nyota ile kwa kumwokoa ofisa wa Kizungu mtoni. Baba mkubwa aliisimulia hivyo kwenye kila msiba na kila harusi. Nilipofuatilia nikakuta kwamba nyota ile, iitwayo Burma Star, walipewa askari wote waliotumikia mapigano ya huko Burma (Myanmar ya leo), na utepe wake ni buluu iliyokolea, nyekundu katikati, na mistari ya rangi ya chungwa. Haikuwa ya tendo moja la ushujaa. Ile ya simba ni medali ya vita ya 1939–1945: upande mmoja kichwa cha Mfalme George wa Sita, upande wa pili simba amesimama juu ya joka la vichwa viwili. Nilikwenda kumweleza baba mkubwa nikiwa na hofu. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza: "Kwa hiyo Burma alifika kweli?" Nikamwambia, alifika. Akasema hilo linamtosha.

Na picha ilithibitisha. Askari wanne wamesimama mbele ya hema, na begani mwa mmoja wao kuna alama ya kichwa cha kifaru. Hiyo ilikuwa alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, na batalioni ya 36 ya Tanganyika ilikuwa ndani ya divisheni hiyo. Mwaka 1944, mvua za masika ya kule zikinyesha, walisukuma Wajapani kupitia bonde la Kabaw, kwenye tope na malaria, na mwanzoni mwa Desemba wakaingia Kalewa, kando ya mto Chindwin. Mtu aliyezaliwa Ugogo, ambako tunahesabu mvua kwa vidole!

Kama kwenu inasemwa mzee alipata medali ya ushujaa, msiitupe habari hiyo, ipimeni. Military Medal, ambayo askari wa kawaida aliweza kupewa, ni ya fedha, ina jina ukingoni, na nyuma imeandikwa kwa Kiingereza kuwa ni ya ushujaa vitani. Waliopewa walitangazwa katika gazeti la serikali ya Uingereza, London Gazette, na mapendekezo mengi ya makamanda yamo katika Nyaraka za Taifa za Uingereza huko Kew, London, kwenye jalada la WO 373. Shajara za batalioni zilizopigana Burma zimo WO 172. Orodha za majalada hayo unaweza kuzipekua kwa simu ukiwa hapa hapa Dodoma. Na ukiona jani dogo la shaba kwenye utepe wa medali ya simba, usilibandue: ni alama kwamba mzee alitajwa katika ripoti ya kamanda wake. Ninaamini majani mengi yamepotea pamoja na tepe zilizooza.

Tafuteni kwa namba kwanza, jina baadaye. Makarani waliandika majina yetu kama walivyoyasikia. Jina la Kigogo linaloanza na Ch litafute pia kwa Sh, na hata kwa Ki. Mara nyingine utakuta limeandikwa jina moja tu, bila la baba.

Nilipoipeleka karatasi yetu katika ofisi moja kuomba ushauri, niliambiwa hayo ni mambo ya Waingereza. Sikubaliani. Vita ilikuwa ya Mwingereza, lakini miguu iliyotembea ile njia ilitoka Kibakwe, Manyoni na Kondoa. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, tunaweka mkuki na ngao kwa heshima ya waliotutangulia. Ninaomba wiki hiyo wataalamu wa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa waweke meza hapa Dodoma, wananchi walete vyeti na medali zipigwe picha mbele, nyuma na ukingoni, namba ziandikwe, kisha kila mtu arudi nyumbani na vyake. Wanunuzi wa vyuma chakavu wanapita vijijini kila siku. Nasi tupite.

Pamoja na barua hii naambatanisha ile picha, naomba uichapishe. Wa pili kutoka kushoto ni babu, baba mkubwa ana uhakika. Watatu waliobaki hatuwajui. Inasemekana walishuka treni pamoja Gulwe waliporudi, kisha wakaagana pale stesheni. Mwenye kumtambua mzee wake, tafadhali aandike kupitia gazeti hili.

Mjukuu wa askari wa Keya,
Mpwapwa