Sodiamu iko wapi?

Uvinza, Kigoma

Ndugu yangu Mashaka,

Salamu nyingi. Sisi wazima, joto tu. Mama Neema anakusalimu, na yule mzee wa stendi bado anakudai, mimi simo.

Kalamu nimeishika kwa ajili ya kidato cha tatu. Chumvi hapa si ya kutafuta, unajua, basi nikakoroga maji makali ya chumvi, nikazamisha vijiti vya kaboni vya betri kuukuu na kuviunga kwenye betri ya sola ya volti 12. Kathodi, kile kijiti cha upande hasi, ikafurika mapovu. Anodi, kile cha upande chanya, nayo ikaanza kunuka klorini. Bahati tulikuwa nje, chini ya mwembe. Nikawaeleza kuwa ioni ni chembe zenye chaji: za sodiamu ni chanya, zinavutwa kathodi; za kloridi ni hasi, zinakwenda anodi. Binti mmoja akainuka: "Sasa mwalimu, sodiamu iko wapi? Mbona ni mapovu tu?"

Jibu ninalo. Sodiamu inafika, ila haipokelewi. Elektroni za pale zinachukuliwa na maji, haidrojeni inatoka, haidroksidi, ile ioni ya besi, inabaki, na sodiamu inakaa nayo humo humo majini. Nikadondosha maji ya rozela, yanayogeuka rangi penye besi: upande wa kathodi yakageuka kijani, upande wa anodi rangi ikafa kabisa. Darasa zima makofi. Yeye kimya! Anataka azione ioni zikitembea. Na nusu ya wenzake wanaamini umeme ndio unaopasua chumvi, wakati ioni ziliachana tangu chumvi ilipoyeyuka. Umeme unazipa mwelekeo tu. Nimesema hadi koo limekauka.

Basi shida yangu ndiyo hiyo: nitafutie pamanganeti kidogo huko Tabora, zile punje za zambarau, na mrututu, ile chumvi ya buluu ya shaba. Punje moja ya pamanganeti katikati ya karatasi ya kuchujia iliyoloweshwa, umeme ncha mbili, na zambarau, kwa kuwa ioni yake ni hasi, inajikokota kuelekea chanya. Polepole mno, lakini macho yanaona. Kwa mrututu buluu itafifia na kathodi itavaa shaba. Hapo ioni imefika na imepokelewa. Aulize tena nimwone!

Mpe mtu wa treni. Dagaa nitakutumia, usianze kelele.

Huko maabara yenu imepata paa? Wewe wa kwako unawaonyeshaje? Yule bwana bado anafundisha kwa kukaririsha? Na harusi ya Zuhura ni lini hasa, au imeahirishwa tena?

Wako,
Juma