Nyumba ya kupewa ipo, lakini baba watoto hataki mamake amwone kwenye video

Shangazi shikamoo, na wasomaji wote hamjambo. Mimi ni mama wa watoto wawili, kwetu ni Voi lakini niko Marekani, jimbo la Minnesota, mji wa Rochester, nafanya kazi ya kuhudumia wagonjwa. Naandika sababu nikiuliza watu wa huku kuhusu nyumba ya msaada ambayo mume wangu aliyekatwa miguu anaikataa, wananiambia jaza fomu mama, hiyo ni bahati, na nikiuliza watu wa nyumbani wananiambia mwache mwanamume aamue mwenyewe, na nikikata simu nabaki palepale nilipokuwa. Kwa hivyo nitaeleza kila kitu, itakuwa ndefu, nivumilieni.

Mume wangu ni mtu wa Kitui. Alikuja huku kwa grinkadi ya bahati nasibu na baadaye akaingia jeshi la Marekani. Wengi nyumbani hawajui kwamba si lazima uwe raia ndo uingie jeshi la huku, ukiwa na grinkadi wanakuchukua, na uraia mwanajeshi anaupata haraka kuliko sisi wengine, kipindi kile kuna waliokuwa wanaapishwa wakimaliza tu mafunzo ya mwanzo. Mamake hakutaka kabisa. Alilia, akafunga na kuomba, mwishowe akakubali kwa sharti moja, kwamba mwanawe amwahidi atarudi mzima. Na yeye akaahidi kwa simu, nikiwa nimekaa kando yake nasikia.

Mwaka 2012 akiwa Afghanistan, upande wa Kandahar, walikuwa wanatembea kwa miguu na bomu la kutegwa ardhini likalipuka. Mguu wa kushoto ulikatwa chini ya goti, wa kulia ulivunjikavunjika lakini madaktari wakasema huu tutauokoa. Alipitishwa Landstuhl, hospitali ya jeshi la Marekani kule Ujerumani, halafu akaletwa Walter Reed, ile hospitali ya Bethesda karibu na Washington, na ndo nikaitwa niende.

Hapo ndo nilijua Fisher House. Kwa wale hamjui, ni nyumba kubwa iliyojengwa palepale kwenye uwanja wa hospitali ya wanajeshi au ya maveterani, yaani waliowahi kuwa jeshini, na familia ya mgonjwa inalala bila kulipa hata senti. Kila familia ina chumba chake na bafu lake, lakini jikoni ni moja kubwa ya wote, na meza ya kulia, na mashine za kufua. Ilianzishwa 1990 na mjenzi mmoja tajiri wa New York, Zachary Fisher, na mkewe Elizabeth, walipoelezwa kwamba familia zinatoka mbali kuja kuangalia wagonjwa wao na hazina mahali pa kulala. Sasa hizo nyumba ni zaidi ya 90, hata Landstuhl ziko, hata Birmingham kule Uingereza iko moja. Hauendi tu na begi ukabisha hodi, hospitali ndo inakuombea nafasi, na kwa hizi za hospitali za VA, ile idara ya serikali ya maveterani, lazima uwe unatoka mbali, maili 50 au mwendo wa saa mbili.

Mimi sitasahau ile jikoni. Mke wa mwanajeshi kutoka Texas anapika maharage yake, mimi nasonga ugali wangu, mama mwingine amekaa tu kwenye kiti hajagusa chai sababu mwanawe yuko chumba cha upasuaji, na hakuna anayekuuliza kwa nini unalia. Ukiona mtu halali kwa mawazo unajua hata yeye anaelewa unayopitia. Hoteli ingenipa kitanda lakini watu kama wale singewapata. Kwa hivyo mtu akiniambia nyumba za msaada ni aibu mimi simwelewi, manake nimelala ndani yake na najua zilinifanyia nini.

Sasa kuhusu mamake. Aliambiwa mwanawe ameumia mguu. Basi. Ndugu yake mkubwa, shemeji yangu, alijua ukweli na wakakubaliana mama asiambiwe kwanza mpaka atulie, ana presha na sukari. Hiyo kwanza ikawa miaka. Tulipoenda nyumbani 2016 alivaa mguu wa bandia ndani ya suruali ndefu, akachechemea kidogo, akasema ni nyonga, tukalala Kitui mjini kwenye gesti ati kwa sababu ya watoto, na mavyaa wangu akamshukuru Mungu mbele ya kanisa zima kwamba mwanawe alirudi mzima. Shangazi, mimi nilikuwa kwenye ile benchi, niliinamisha kichwa.

Tungeendelea hivyo pengine, lakini mwaka jana ule mguu wa kulia uliookolewa ulipata maambukizi kwenye mfupa, dawa zikashindwa, na kule hospitali ya maveterani ya Minneapolis wakaukata juu ya goti. Nililala tena Fisher House, huko Minneapolis ziko mbili. Sasa miguu yote hana. Wa bandia wa kushoto anavaa, wa kulia bado anajifunza na unamchosha sana, siku nyingi ni kiti cha magurudumu.

Na sisi tunakodi nyumba ghorofa ya pili haina lifti. Mlango wa bafu kiti hakipiti, anashuka sakafuni anaingia kwa mikono. Mtu mzima, baba wa watoto, aliyekuwa anabeba mzigo mgongoni kwenye milima ya Kandahar. Kutoka nje lazima ajiburute ngazi kwa makalio huku mimi nimebeba kiti, na wakati wa barafu hatoki kabisa, anaweza kukaa wiki hajaona jua. Mimi mgongo wangu umeanza kuniuma na kazini pia ni kuinua watu.

Sasa kuna mashirika ya hisani huku yanayowajengea watu kama yeye. Kuna Homes For Our Troops, liko tangu 2004, linajengea walioumia vibaya kwenye vita za baada ya yale mashambulizi ya Septemba 11, 2001. Kuna Tunnel to Towers, lilianzishwa kwa kumbukumbu ya mzimamoto aliyekufa siku ile New York, hao wanajenga pia na wanalipia mogeji, yaani mkopo wa nyumba, wajane wa wanajeshi waliobaki na watoto wadogo. Nyumba zenyewe zimefikiriwa vizuri mpaka nilipoona picha nililia. Hakuna ngazi hata moja. Milango ni mipana, shawa unaingia na kiti chako chote, sinki iko wazi kwa chini magoti yaingie, kabati za jikoni unazivuta zinashuka mpaka ulipo. Na hakuna mogeji, ni ushuru wa nyumba wa serikali na bima na stima ndo unalipa mwenyewe. Serikali nayo ina ruzuku ya kurekebisha nyumba ya mwanajeshi aliyelemaa, saa hii ni zaidi ya dola 120,000, lakini lazima nyumba iwe yako au utakuwa unaimiliki, na sisi ni wapangaji.

Shirika moja, sitalitaja ni lipi, limeangalia karatasi zake za jeshi na barua ya VA ya kiwango cha ulemavu na wakasema anafaa kuendelea. Bado hatujapewa, ni hatua, lakini mlango umefunguka. Na yeye amekataa kuingia.

Sababu yake ni hii. Nyumba hizi zinajengwa kwa michango ya watu, kwa hivyo zina sherehe. Kuna siku ya kuwaalika watu wa mji waje wamjue, kuna siku ya wajitoleaji kupanda nyasi na maua, halafu siku ya kukabidhiwa funguo. Bendera kila mahali, maveterani wa pikipiki wanamsindikiza, magari ya wazimamoto, watoto wa shule wanaimba, anapewa maikrofoni aongee, na yote yanawekwa kwenye mtandao. Mimi sioni ubaya, ukichangisha pesa za watu lazima uwaonyeshe zimeenda wapi, hata kwetu harambee mtu husimama akasema asante. Lakini yeye anasema siku ile ile video itafika Kitui kabla hajazima kamera. Na ni kweli, Wakenya wa huku tunajuana, mmoja ataituma kwenye grupu ya WhatsApp na kufika jioni mamake ameshikiwa simu na jirani anaambiwa angalia kijana wako hana miguu.

Nilipiga simu nikauliza kama inawezekana bila kamera. Mama aliyenijibu alikuwa mtu mzuri sana, akasema wanaweza kupunguza na wataheshimu wanavyoweza, lakini hawezi kuniahidi kwamba hakuna mgeni atakayetoa simu yake akapiga picha. Hiyo naelewa, nani anaweza kuahidi hivyo?

Ana sababu nyingine pia, na sitaki kuzidharau. Anasema kwao mwanamume hujenga nyumba yake, hapewi. Anasema kuna wenzake walirudi kwenye masanduku na wengine wameumia zaidi yake, wapewe hao. Na anasema ikijulikana nyumbani amepewa nyumba nzima Marekani, kila karo na kila bili ya hospitali ya ukoo itamjia. Hizo zote nimemjibu. Nilimwambia kujenga ni mikono na akili na yeye ameshatoa zaidi ya mikono. Nilimwambia hata huyo mzee Fisher alitaka kupigana vita ya pili ya dunia, lakini mguu wake uliumia kazini kwenye ujenzi wakamkataa, basi akasaidia kwa njia yake, na wanaochangia leo wengi ni watu wa namna hiyo, wanatafuta pa kuweka shukrani yao. Alinyamaza kwa hiyo. Lakini ya mamake sina jibu.

Na mavyaa ameanza kushuku. Akipiga video, baba watoto anaweka simu juu ya kabati aonekane kifua na kichwa tu. Juzi mama alimwuliza, mbona wewe kila siku umekaa? Simama nikuone kama umenenepa. Akasema mtandao ni mbaya, akakata. Kisha hakula chakula cha usiku.

Kinachoniuma zaidi ni watoto. Mkubwa ana miaka kumi. Tumemfundisha asiseme kitu kwa nyanya kuhusu miguu ya baba, na sasa akiona simu ya nyanya inaita anaenda chumbani. Aliniuliza, mama, kwani baba alifanya kitu kibaya? Nilimwambia hapana, baba alifanya kitu kizuri sana. Akauliza sasa tunaficha nini? Sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Shemeji nimeongea naye mara nyingi, namheshimu, ndiye amemtunza mama hii miaka yote. Yeye anasema mama akisikia atakufa na hiyo damu itakuwa juu yangu. Mimi nafanya kazi na wazee kila siku, na ninaamini mavyaa wangu ana nguvu kuliko tunavyomdhania. Amezika mume, amezika mtoto mmoja, amelea wajukuu kwenye ukame. Naona kuliko kusikia kwa jirani na simu ya mkononi ni afadhali asikie kwa mwanawe, na watu wake wakiwa karibu, pasta wake, shemeji, na hata yule nesi wa zahanati ampime presha kwanza na dawa ziwe pale. Lakini mimi ni mke tu, mwana si wangu, na ahadi ile hakunipa mimi. Nikimwambia mama bila ruhusa ya mume wangu nimemvunjia heshima pale anapoumia zaidi, na sijui kama atanisamehe. Nikinyamaza, nyumba itapita, na yeye ataendelea kutambaa kuingia bafuni.

Kwa hivyo naomba mnisaidie hapa. Kwanza, mamake aambiwe kabla ya mambo ya nyumba, na kama ni hivyo nani aseme, na inafaa kwa simu au tutafute nauli aende mwenyewe na kiti chake, ajitokeze vile alivyo? Daktari amesema akishapona kidonda vizuri anaweza kupanda ndege. Pili, nimwendee vipi baba watoto, sababu nikianza tu anageuza kiti na kwenda dirishani. Kuna mzee mmoja Mkamba hapa Minnesota anamheshimu sana, nilifikiria nimwombe aje aongee naye, lakini hiyo ni siri moja zaidi kutoka nje. Tatu, kama akikataa kabisa, ni sawa nimsukume, au niache nitafute tu nyumba ya kukodi ya chini hata kama ni ghali na mlango wa bafu bado utakuwa mwembamba?

Nataka kusikia hasa kwa wale mnaoishi na mtu aliyekatwa mguu, na kwa wamama mliowahi kufichwa jambo na mtoto aliye mbali. Mlipojua, mlitamani mngeambiwa lini, na na nani?

Shirika linataka fomu zenye saini yake kabla ya mwisho wa mwezi ujao. Nimezijaza zote, ziko kwenye droo ya jikoni, imebaki sahihi yake tu.

Mama wa wawili,
Rochester, Minnesota