Kabla hujasaini, soma hii kwanza

Shosti wangu, mambo? Nimeona meseji yako kwamba umepita usaili na prodyuza anataka usaini wiki ijayo, hongera sana jamani, nimepiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta. Ila ulivyoandika "nikitoka tu kwenye hiyo muvi maisha yamebadilika" nikasema hapana, huyu lazima nimwandikie barua ndefu.

Unamjua Rachel Mwanza? Mkongo. Huyu dada alikua Kinshasa mtaani kabisa, wale watoto wanaowaita shegue, wanalala nje wanaomba wanauza uza vitu. Na kilichomtoa nyumbani si njaa tu, ni kuambiwa mchawi. Kule ikitokea msiba au baba akipoteza kazi, kuna wachungaji wananyoosha kidole kwa mtoto, basi ndugu wanamfukuza, mtoto mdogo hivyo! Mi hiyo habari huwa inanipandisha hasira kuliko hata vita.

Sasa akaja dairekta wa Canada, Kim Nguyen, anatafuta binti wa kucheza kwenye muvi yake Rebelle, stori ya Komona, mtoto wa miaka 12 anayetekwa na waasi na kulazimishwa kuwapiga risasi wazazi wake mwenyewe. Rachel hakuwa amesomea uigizaji wala nini. Na jamaa hakuwapa skripti nzima, walishuti kwa mpangilio wa stori yenyewe, kwa hiyo kesho kutatokea nini waigizaji hawajui. Ndo maana ukiangalia sura yake unaona kabisa hajui kinachokuja. Kuna sehemu kijana anayempenda anataka kumuoa, yeye anamwambia sawa ila niletee kwanza jogoo mweupe, na jogoo mweupe hapatikani kirahisi, mwenzake anahangaika vijiji na vijiji. Hapo Rachel ana kakiburi fulani ka msichana anayejua anapendwa, katikati ya vita yote ile. Itafute uangalie hiyo sehemu hata kama nyingine utafumba macho.

Februari 2012 akapewa Dubu wa Fedha, tuzo ya tamasha la filamu la Berlin, muigizaji bora wa kike. Mwaka uliofuata filamu ikaingia kugombea Oscar, ikashindwa na muvi nyingine, Amour, na Rachel akaenda Marekani na gauni lake. Alikuwa bado kigoli!

Lakini shosti, dubu haliwi na ugali. Kilichonigusa mimi kwenye stori yote si zulia jekundu, ni kwamba watengenezaji waliweka utaratibu wa kumlipia shule na mahali pa kukaa mpaka afikishe miaka 18. Kwanza fikiria, wangemlipa pesa za siku za kushuti wakapanda ndege, huyo mtoto angerudi wapi? Si barabarani, tena safari hii kila mtu anajua ana hela. Mastaa wangapi hapa Bongo tunawaona kwenye mabango na kodi ya chumba wanakopa, tusidanganyane.

We si mtoto na una kwenu, najua, ndo maana nakwambia uongee kama mtu mzima. Uliza unalipwa kwa siku au kwa kazi nzima, na hela inatoka lini, maana "tukimaliza kuuza" ni msamiati wa kukimbia. Uliza ukiumia seti nani anakutibu. Uliza muvi ikienda kwenye mtandao wa kulipia wewe unapata nini. Akikununia sababu ya kuuliza, jibu umeshapata.

Na kazini usiache saluni kwanza, mwambie mama mwenye saluni akupe ruhusa tu, kiti chako akiweke.

Huo mkataba upige picha kurasa zote, hata ile ya nyuma yenye maandishi madogo, unirushie leo usiku. Binamu yangu anasoma sheria, ananidai soda, nitamlipa kwa chips akausome.

Msalimie mama, mwambie viazi vilifika salama.

Shoga yako wa Tabata