Barua kwa Mwanangu: Ubingwa wa Timu Mbili

Mwanangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya. Sisi huku Berlin hatujambo. Uliponisimulia kwamba wenzako wa chuoni waliangua kicheko waliposikia kuwa Ujerumani Mashariki ilikuwa na ligi ya taifa ya hoki ya barafuni yenye timu mbili tu, niliumia, maana nimeketi mara nyingi na wazee walioishabikia ligi hiyo.

Haikuanza hivyo. Hapo awali timu zilikuwa nyingi, na Weißwasser, mji mdogo wa viwanda vya vioo katika eneo la Lausitz, ulitwaa ubingwa mfululizo tangu 1951 hadi 1965, kabla ya Dynamo Berlin kuunyakua mwaka 1966. Mambo yaligeuka mwaka 1970. Wakuu wa michezo walikuwa wamepiga hesabu ya medali wakaona kwamba hoki inataka kikosi kizima, viwanja vya gharama na vifaa vingi, na ikifanikiwa sana huleta medali moja ya Olimpiki, ilhali muogeleaji mmoja anaweza kurudi nazo kadhaa. Fedha zikakatwa. Zikasalia Weißwasser na Berlin, zote za shirika la michezo la Dynamo, lililoongozwa na Erich Mielke, waziri wa usalama wa taifa, ambaye alikuwa mpenzi wa mchezo huo. Mimi hesabu ile naiona ya kikatili, kwa sababu vijana wa miji mingine walivuliwa viatu vya barafu wakiwa bado na uwezo wa kucheza.

Kwa miaka ishirini watani hao wawili wakawa wanakutana wao kwa wao. Jirani yetu mmoja mzee hunieleza jinsi baridi ilivyopenya katika uwanja wa Hohenschönhausen hapa Berlin, ambao watu wameubandika jina la Jumba la Mabati, na jinsi kipa alivyomjua kila mpigaji wa upande wa pili, hata akatambua kwa namna alivyoinamisha bega kwamba shuti linakuja. Ndivyo ulivyokuwa ugumu wake: hapakuwa na mpinzani dhaifu wa kupumzikia.

Ubingwa wa mwisho, wa mwaka 1990, ulikwenda Weißwasser, ukawa wa 25 kwao dhidi ya 15 za Berlin. Baada ya hapo zote mbili zikaingizwa katika Bundesliga ya hoki, yaani ligi kuu ya mchezo huo Ujerumani. Leo Berlin inaitwa Eisbären, na Weißwasser ni Lausitzer Füchse. Ukija likizo tutapanda treni twende Weißwasser, ukawaone wakicheza.

Mzazi wako akupendaye,
Baba