Maoni ya miksi: tusaidiane kweli

Jamani, salaam. Tukitumiana miksi hapa (wimbo ulioshaunganishwa sauti na ala zake), maoni ya "Moto sana!" hayamsaidii mtu kurekebisha wimbo. Taja dakika na sekunde: "1:42 besi yafunika mwimbaji." Sema pia umesikilizia nini, maana spika ya simu haitoi besi kama ya matatu.

Mtumaji, tuma faili kama dokyumenti, WAV (isiyobanwa) au MP3 ya kbps 320 (ya ubora wa juu), na useme wataka maoni ya nini. Ukiambiwa sauti imejaa mvumo usianze kujitetea. Kwenye ikwalaiza, punguza kidogo kati ya hezi 200 na 400 (sauti za chini-kati), vyumba vyetu vidogo huvurugia hapo. Feni zizimwe mkirekodi, hata kwenye joto la kaskazi. (Najua, najua.)

Na bango, muziki wetu wa Pwani, tusiipime kwa masikio ya gengetone, ule wa vijana wa Nairobi. Ijumaa baada ya Isha twaanza kusikiliza na miksi iliyotumwa jana.